Maji ya Moshi hayatoki kwenye theluji

"Theluji ya Kibo ikiisha, mito nayo itakauka." Kauli hii kuhusu Kibo, kilele cha juu cha Mlima Kilimanjaro, utaisikia hapa mjini Moshi kwenye daladala, sokoni hata kanisani, na wanaoisema wana uchungu wa kweli. Barafu inapungua mno: tangu 1912 hadi 2007 ilipotea kama asilimia 85. Lakini siyo inayojaza mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba.

Kule juu, karibu mita 5,895, ni pakavu na baridi. Sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani, bila kuwa maji kwanza. Kinachoshuka mtoni ni kidogo sana.

Maji yetu yanatoka msituni. Mvua nyingi ya mlima hunyesha kwenye mkanda wa msitu, mbali chini ya barafu. Ingia msitu wa juu ya Old Moshi asubuhi yenye ukungu, shika yale majani laini kama sufu yaliyofunika mashina ya miti, kisha yakamue. Maji yatakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mti unanasa ukungu, udongo unayanywa, chemchemi zinayatoa polepole hata Januari.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi yanatugusa hasa kwa mvua zisizotabirika na ukame unaorahisisha moto msituni. Barafu hatuwezi kuirudisha sisi watu wa Kilimanjaro. Moto wa kurina asali tunaweza kuuzima, na panga la kukata miti tunaweza kulizuia leo.