Dhana potofu kuhusu kumsaidia mtoto hesabu za aljebra, na ukweli wake

Wazazi wengi hapa Dodoma hukaa na mtoto kwenye hesabu za darasa la tano, la sita, hata la saba. Mtoto akishaingia kidato cha kwanza na daftari likaanza kujaa x na y, mzazi anajiondoa: "Hizo za sekondari siziwezi, kamuulize mwalimu." Dhana hii, kwamba asiyejua kukokotoa mlinganyo (hesabu yenye alama ya sawa na herufi ya kutafutiwa thamani) hana msaada wa kutoa, ndiyo inayowaumiza watoto kuliko nyingine zote nitakazozitaja.

Ukweli ni kwamba kukokotoa ni kazi moja, kuhakiki ni kazi nyingine. Kuhakiki kunataka kujumlisha, kutoa na kuzidisha tu. Tazama swali hili la kawaida:

5x − 3 = 2x + 9

Mtoto ameandika:

5x − 2x = 9 − 3
3x = 6
x = 2

Mama anayeuza nyanya Soko la Majengo hana haja ya kujua hatua hizo zimetoka wapi. Ajue jambo moja: 5x maana yake ni tano mara x. Basi aweke 2 kila palipo na x, aanzie chini apande juu. Tatu mara mbili ni sita; sawa. Mstari wa juu yake: tano mara mbili ni kumi, toa nne, inabaki sita, na upande wa pili tisa toa tatu ni sita, sawa. Sasa swali lenyewe: kumi toa tatu ni saba, lakini upande wa pili nne jumlisha tisa ni kumi na tatu. Hapo pamekataa.

Kumbe jibu si sahihi, na kosa nalo limeshajulikana lilipo: ni kati ya swali lenyewe na mstari wa kwanza alioandika mtoto. Mzazi anauliza tu, "Hebu nieleze mwanangu, hii 3 ilikuwa inatolewa huku. Imefikaje kule?" Mara nyingi mtoto anashtuka mwenyewe: ilipaswa kujumlishwa. Inakuwa 3x = 12, x = 4, na ukihakiki unapata 17 pande zote mbili. Mzazi hajafundisha aljebra hata kidogo, ila amemsaidia kuliko yule ambaye angemwandikia jibu.

Dhana nyingine imo midomoni mwa wanafunzi wenyewe: "Namba ikivuka alama ya sawa, inabadilika." Kanuni hii inafanya kazi siku mbili tatu, kisha inamwangusha mtu. Anaikuta 3x = 12, anaivusha 3, anaandika x = 12 − 3, anapata 9. Tatu mara tisa ni ishirini na saba! Ukweli ni kwamba hakuna namba inayovuka. Mlinganyo ni kama mizani ya muuza karanga: ukigusa sahani moja, gusa na ya pili kwa kiasi kilekile. Hapa x imezidishwa kwa 3, basi gawanya pande zote kwa 3. Kama kitu kimejumlishwa, kitoe pande zote. Ningeomba kila mtoto aandike hatua hiyo waziwazi mwanzoni, hata kama daftari litaisha mapema.

MAGAZIJUTO nayo imezaa kosa lake. Sote tuliimba mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na wengi wakaamini kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Kwenye 8x − 5x + 2x wanajumlisha 5x na 2x kwanza, wanabaki na x. Ukweli: kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unafuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Jibu ni 5x. Ukitaka kuthibitisha, weka 10 mahali pa x: 80 toa 50 ni 30, jumlisha 20 ni 50. Nasema 10 kwa sababu 0 na 1 hudanganya. Anayedhani 2x + 3 ni 5x akijaribu 1 atapata 5 kote na kujiona yuko sahihi. Akijaribu 10 atapata 23 upande mmoja na 50 mwingine.

Kuna wanaodhani herufi ni kifupi cha kitu, kwamba 3z ni "zabibu tatu". Hapana. Umenunua kilo tatu za zabibu, ukatoa noti ya 10,000, ukarudishiwa chenji 2,500: 3z + 2,500 = 10,000. Hapo z ni bei ya kilo moja, yaani 2,500. Herufi inasimama badala ya namba siku zote.

Na lugha? Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba anakutana na Kiingereza kidato cha kwanza, na nyumbani anaambiwa kwamba kueleza kwa Kiswahili ni kujirudisha nyuma. Si kweli. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, alieleza milinganyo yake yote kwa maneno matupu, bila x wala y. Mtoto aeleze kila mstari kwa lugha anayofikiria nayo, kama ni Kigogo na iwe Kigogo, kisha aandike kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka.

Tuisheni ya kulipia si lazima. Vitabu vya kiada vinapatikana bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyepanga mtaani Ng'ong'ona anaweza kukueleza hatua moja kwa dakika tano.

Ila kuna namna ya kuomba. Kupiga picha ukurasa mzima na kutuma WhatsApp "naomba majibu" si kuomba msaada. Utapata majibu, na kesho utayahitaji tena. Programu za simu zinazotatua swali kwa picha ni vivyo hivyo, zinafaa tu baada ya wewe kujaribu, ulinganishe mistari. Andika hivi: "Shikamoo mwalimu. Swali la nne, nimepata x = 2 lakini nikihakiki, swali lenyewe linakataa na mstari wangu wa kwanza unakubali. Nilihamisha 3 vibaya?" Mwalimu akipokea ujumbe huo anajua aanzie wapi.