Fomati haitibu diski: dhana potofu kuhusu sekta mbovu

Kwa mafundi wengi wa kompyuta za mtumba Kisumu na Nakuru, diski kuu (hard disk) inayokwamakwama dawa yake ni moja: ifomatiwe, yaani ifutwe na kuandaliwa upya. Kuna wakati inapona kweli, ndiyo maana dhana hizi hazifi.

Dhana: Kila fomati hukagua diski nzima.
Fomati ya haraka huandika tu majedwali mapya ya mfumo wa faili, ikamaliza kwa sekunde chache. Inayokagua ni fomati kamili: ondoa tiki ya fomati ya haraka, au andika `format E: /fs:ntfs` (E: ni herufi ya diski hiyo) bila `/q`, alama ya fomati ya haraka. Enzi za Windows XP ilisoma tu kila sekta, yaani kipande kidogo cha diski cha kuhifadhia data. Tangu Vista huandika sifuri kote. Terabaiti 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde ni karibu saa 2 na dakika 47. Ukirudishiwa diski hiyo "imekaguliwa yote" baada ya robo saa, haijakaguliwa.

Dhana: Fomati hurekebisha sekta mbovu.
Kila sekta, ya baiti 512 au 4,096, huandikwa pamoja na misimbo ya kusahihisha makosa. Stima ikipotea katikati ya kuandika, data na misimbo huweza kutolingana. Sekta haisomeki tena, ingawa sahani inayozunguka ndani ya diski haina hata mkwaruzo. Ikiandikwa upya, inasomeka. Hiyo ndiyo "tiba" inayosifiwa.

Sehemu iliyoharibika yenyewe haiponi. Inapoandikiwa, diski huihamishia anwani yake kwenye sekta ya akiba, na Windows haiambiwi chochote. Pale diski inaposhindwa, ndipo Windows hutia alama klasta nzima (kundi la sekta), kwa kawaida kilobaiti 4, katika faili fiche `$BadClus`. Alama hiyo ni ya kukwepa tu. Diski iliyofika hapo msiiwekee kazi ya maana.

Dhana: Fomati ikipita bila kosa, diski ni nzima.
Huenda imehamisha mamia ya sekta kimyakimya. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, kabla ya fomati kamili na baada yake, utazame mstari wa 05 (sekta zilizohamishwa) na wa C5 (sekta zinazosubiri kuamuliwa). Tahadhari: namba ghafi huonyeshwa kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 10 pale ni 16. C5 ikishuka hadi 0 na 05 isisogee, yawezekana ni stima tu. 05 ikipanda, rudisha diski, udai pesa zako.

Dhana: "Fomati ya kiwango cha chini" huifanya kuwa mpya.
Ile halisi hufanyika kiwandani. Programu zinazojiita hivyo huandika sifuri, basi.

Ukinakili diski mbovu nzima kwenda diski mpya, orodha ya `$BadClus` huhama nayo, na diski mpya itaonekana mbovu. Endesha `chkdsk E: /b`, itaifuta orodha na kukagua upya. Lakini kama diski ya zamani bado ina faili unazozihitaji, nakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, maana baada ya fomati kamili hakuna cha kuokoa.