Plazmidi: hivi ndivyo bakteria wanavyogawiana usugu wa dawa

Watu wengi wakisikia usugu wa dawa wanafikiri ni mwili wa mtu umeshazoea, eti kanywa sana antibayotiki mpaka hazimshiki tena. Hapana, wenye usugu ni bakteria wenyewe, ndo maana hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja antibayotiki anaweza kupata maambukizi ya bakteria sugu na dawa ikagoma kabisa. Sasa hao bakteria usugu wanautoa wapi, tena haraka hivyo? Kuna wanaobadilika wenyewe, jeni zao zinapata hitilafu wakati wa kuzaliana na hitilafu moja ikawafaa, lakini sehemu kubwa ya tatizo inatokana na kitu kinaitwa plazmidi.

Bakteria ana DNA yake kuu, kromosomu, ndimo yalimo maelekezo yote ya kuishi. Pembeni yake wengi wana viduara vidogo vya DNA vinavyojitegemea na kujinakili vyenyewe, hizo ndo plazmidi, jina alilolitoa mwanasayansi Joshua Lederberg mwaka 1952. Bakteria anaweza kuishi vizuri tu bila plazmidi, ila plazmidi yake ikiwa na jeni za kupambana na dawa basi siku dawa ikiingia wenzake wanakufa yeye anabaki anazaana kwa nafasi. Kuna jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja penisilini kabla haijafanya kazi, kuna nyingine inaweka pampu kwenye utando wa seli, tetrasaiklini ikiingia inatolewa nje hapo hapo.

Kinachotutisha sana sisi wa maabara ni kwamba plazmidi inahama. Bakteria mwenye nayo anatoa kijimrija chembamba, anamnasa jirani, anamvuta karibu mpaka wanagusana, halafu uzi mmoja wa ile DNA yenye nyuzi mbili unapita kwenda kwa jirani na kila mmoja anajitengenezea uzi wa pili. Ni kama mwanafunzi kumpa mwenzake notsi akopi, mwisho wote wawili wanazo. Na huyo jirani si lazima awe wa aina yake, bakteria wa utumboni aitwaye E. koli anaweza kumpa Shigela, yule wa kuhara damu, au bakteria wengine kama Klebsiela na Salmonela.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Chukua bakteria wa aina mbili, mmoja plazmidi yake inamkinga na ampisilini, mwingine hana plazmidi ila kromosomu yake inamkinga na rifampisini. Ukimpanda kila mmoja peke yake kwenye sahani yenye dawa zote mbili, haoti kitu. Sasa wachanganye kwenye mchuzi wa kuoteshea uwaache usiku kucha, kesho yake chukua tone upande kwenye sahani ile ile yenye dawa mbili, siku inayofuata unakuta vidoti vyeupe vimeota. Hao ni bakteria waliopokea plazmidi.

Wajapani ndo waliligundua kwa uchungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuhara damu kulikuwa tatizo kubwa kwao, na miaka ya 1950 madaktari wakaanza kukuta Shigela sugu kwa salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini, zote nne kwa mpigo. Kwa hitilafu za bahati tu hilo halielezeki, hitilafu nne kwa mpigo ni jambo adimu mno. Mwaka 1959 vikundi viwili vya watafiti wa huko, cha Ochiai na cha Akiba, vikaonyesha kwamba usugu wote ule ulikuwa unahama kwa pamoja kutoka kwa E. koli kwenda kwa Shigela.

Kuna utafiti mmoja ambao mimi naona kila mtu anatakiwa aujue. Mwaka 1983 Naomi Datta na Victoria Hughes walichapisha uchunguzi wa bakteria waliokusanywa na kutunzwa kati ya 1917 na 1954, wengi wao kabla antibayotiki hazijaanza kutumika. Wakakuta plazmidi zimo tele, za makundi yale yale tunayoyaona leo, ila jeni za usugu karibu hazimo. Yaani njia ya kupitishia ilikuwepo siku zote, sisi ndo tumeijaza mzigo kwa namna tulivyotumia dawa, kwa watu na kwa mifugo.

Ndo maana nasisitiza hili la kumeza antibayotiki kwa ajili ya mafua. Mafua ni virusi, dawa haiwafanyi chochote, lakini njiani inapita kwenye utumbo wako wenye bakteria kwa matrilioni, inaua wanyonge na kuwaacha wenye plazmidi wazaane. Hao huwezi kuwahisi, hawakuumizi, ila siku ukipata bakteria wa ugonjwa kwenye utumbo huo huo, wa kumgawia usugu wapo tayari. Na kwa kuwa plazmidi moja inaweza kubeba jeni za dawa nyingi, ukitumia dawa moja tu unazilinda zote, hata usugu wa dawa ambayo hujawahi kuigusa.

Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, iko kwenye plazmidi na inazuia kolistini, dawa ya akiba ambayo madaktari wanaigusa nyingine zikishindwa. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, wakati kolistini ilikuwa inawekwa kwenye chakula cha mifugo ili wakue haraka. Kwa mwaka 2019 makadirio ni kwamba vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari mwambie antibayotiki zote ulizotumia miezi mitatu iliyopita, hata zile ulizopewa na jirani, usione aibu, maana zinabadilisha dawa atakayochagua. Na akikuomba mkojo au kinyesi cha kuotesha bakteria maabara, toa kabla hujameza dozi ya kwanza, isipokuwa hali yako ni mbaya na yeye mwenyewe ameamua dawa ianze mara moja.