Breki na dramu ya winchi ya kreni: kinachoshika mzigo na kinachoushusha

Kreni ya tani 25 inashusha jenereta kwenye gati la Kisumu. Ikiwa imebaki mita mbili kufika chini, injini inazima ghafla. Jenereta inasimama hewani papo hapo. Imeshikwa na nini? Jibu la haraka la wengi ni presha ya oili. Si hivyo. Imeshikwa na springi.

Winchi ya haidroli, yaani mashine inayovuta waya kwa nguvu ya oili yenye presha, ina mota, breki, gia na dramu, pipa ambalo waya hujizungusha juu yake. Mota hupokea oili kutoka kwa pampu na kuzunguka kwa kasi. Gia za planetari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati), ambazo mara nyingi zimefichwa ndani ya dramu yenyewe, hupunguza kasi hiyo na kuzidisha nguvu. Mota peke yake haiwezi kushika mzigo uliosimama, hata ikiwa mpya, kwa sababu ndani yake oili huvuja kidogo kidogo kupita pistoni. Ukiiachia mzigo, utashuka polepole mpaka ufike chini. Oili ikipata joto na kuwa nyepesi, kama inavyokuwa mchana wa jua kali Kisumu, mvujo huo huongezeka.

Ndiyo maana kuna breki. Hii ni pakiti ya diski zinazokaa ndani ya oili, nusu zimeshikana na shafti na nusu zimeshikana na kava lisilozunguka. Springi huzibana muda wote. Ili ziachane, oili yenye presha lazima isukume pistoni na kukandamiza springi. Presha hiyo mara nyingi ni kama bari 20 hadi 30 (bari ni kipimo cha presha). Namba kamili iko kwenye kitabu cha winchi. Injini ikizima au hosi ikipasuka, presha inaondoka na springi zinabana zenyewe. Kwenye winchi nyingi kuna pia klachi ya upande mmoja: wakati wa kuinua, shafti huzunguka huru huku breki imefungwa, na breki hufunguliwa wakati wa kushusha tu.

Breki hukaa upande wa mota, kabla ya gia. Gia zikipunguza 30 kwa 1, breki inashika sehemu moja tu ya 30 ya nguvu inayotaka kuzungusha dramu, kwa hiyo diski ndogo zinatosha. Lakini meno ya gia yakikatika, breki nzima kabisa haitasaidia kitu, kwa kuwa haijaungana tena na dramu. Tunasisitiza hili kwa sababu oili ya gia ndiyo husahaulika zaidi. Ukiifungua, angalia sumaku ya kizibo: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si vya kawaida.

Sasa kushusha. Opereta aliyejifunzia kreni za zamani, zile za kushusha kwa kukanyaga breki ya mguu, hudhani hapa pia breki ndiyo inapunguza mwendo. Hapana. Mzigo unaposhuka, breki imefunguka kabisa, na kinachouzuia usiporomoke ni vali iliyofungwa kwenye mota, upande ambao oili hutoka kwenye mota. Vali hiyo hufunguka tu pale pampu inaposukuma oili upande wa pili. Mzigo ukitaka kuikimbia pampu, presha ya upande huo wa pampu hushuka, vali hubana, mwendo hupungua. Vitabu vingine huiita vali ya breki, na jina hilo limewachanganya mafundi wengi. Mpangilio ni kwamba breki ifunguke kwanza, kisha vali. Mpangilio huo ukigeuka, mota inazunguka huku diski zimebanana, na zinaungua.

Kwenye dramu, jambo la kujua ni matabaka ya waya. Chukua dramu ya kipenyo cha mm 320 na waya wa mm 16. Kutoka katikati ya dramu hadi katikati ya waya wa tabaka la kwanza ni mm 168. Kila tabaka linaongeza kama mm 14, kwa kuwa waya hulala kwenye bonde la tabaka la chini, hivyo tabaka la tano liko mm 224. Winchi iliyovuta tani 4 kwenye tabaka la kwanza itavuta tani 3 tu kwenye la tano, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha ni ile ile lakini waya uko mbali zaidi na katikati, ingawa waya utakwenda haraka zaidi. Uwezo wa breki kushika nao hupungua vivyo hivyo. Na usiufungue waya wote: watengenezaji wengi hutaka mizunguko mitatu ibaki kwenye dramu, kwa sababu kabari inayofunga mwisho wa waya haikukusudiwa kubeba mzigo peke yake.

Kupima breki ni kazi ya dakika chache. Inua mzigo mzito ulio ndani ya uwezo wa kreni, sentimita 10 hadi 15 kutoka chini, rudisha liva katikati, tia alama ya chaki kwenye ukingo wa dramu na nyingine mkabala wake kwenye fremu, kisha tazama. Alama zikiachana, breki inateleza. Shusha mzigo chini kabisa, zima injini, toa presha, ndipo ufunge geji ya presha kwenye laini ya oili ya breki. Washa, shusha kulabu tupu, rudisha liva katikati na usome. Geji inapaswa kurudi karibu na sifuri. Ikibaki bari 10, tatizo haliko kwenye diski: oili imekwama kwenye laini ya kurudi, labda filta imeziba, na presha hiyo inazilegeza springi nusu nusu. Ikisoma sifuri na bado breki inateleza, fungua pakiti. Utakuta diski zimekwisha, springi imevunjika, au mtu ametia oili isiyo yake. Oili yenye viungo vya kupunguza msuguano huzifanya diski hizi ziteleze hata zikiwa mpya.

Breki ikichelewa kubana asubuhi tu, shuku uzito wa oili. Kreni iliyojazwa oili nzito kwa ajili ya joto la Kisumu, ikipelekwa Molo kwenye baridi, oili hutoka polepole kwenye chumba cha pistoni na mzigo hushuka kidogo kabla ya kushikwa. Zungusha winchi tupu mpaka ipate joto.

Mzigo ukishuka kwa kurukaruka, chunguza uchafu kwenye vali au hewa kwenye laini. Usikimbilie kugeuza skrubu ya vali hiyo ili kuondoa mtetemo. Ukiilegeza, utapata ushukaji laini siku hiyo, na siku ya mzigo mzito vali haitabana kwa wakati.