Je, wajua kwa nini sura hupendeza zaidi kwenye filamu ya 120?

Mkanda wa 120 ni mkongwe. Kodak waliutoa mwaka 1901, na hadi leo upana wake ni ule ule, sentimita 6 hivi. Kamera ya picha za mraba, mfano Hasselblad au Rolleiflex, hupata picha 12 tu kwa mkanda mmoja, wakati ule wa milimita 35 unatoa 36. Hata hivyo wapo wapiga picha wa harusi na wa studio wasioutaka mwingine.

Sababu kubwa ni eneo. Negativi (picha ya kinyume inayobaki kwenye filamu) ya mraba ina milimita 56 kwa 56. Ile ndogo 24 kwa 36. Ukitaka picha ya mraba ya sentimita 28 ya kutundika sebuleni, ya kwanza utaikuza mara 5, ya pili karibu mara 12. Chembe za filamu nazo hukua, na shavu ndilo huumbuka kwanza, maana pale mwanga huingia kivulini taratibu, bila kitu cha kuficha kasoro.

Basi ununue ipi? Kwa rangi za ngozi hutajwa sana Kodak Portra, iliyoanza 1998. Ipo ya kasi, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ya 160, 400 na 800. Ektar 100 ina chembe laini zaidi, ila rangi zake ni kali na wekundu wa uso huweza kuzidi. Mimi ningeiachia mandhari. Wapenzi wa Fujifilm Pro 400H walibaki yatima iliposimamishwa 2021. Nikiambiwa nichague moja tu, ni Portra 400.

Zamani ngozi nyeusi haikufikiriwa hivi. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Inasimuliwa kwamba waliolalamika mpaka Kodak wakasikia ni wauza chokoleti na samani za mbao, waliotaka kahawia zao zitofautiane!

Lakini filamu nzuri haimwokoi anayebania mwanga. Ndani ya negativi ya rangi mna fuwele za fedha, kubwa na ndogo. Kubwa huamshwa na mwanga hafifu. Ndogo huhitaji mwingi. Ukibania, kubwa ndizo hufanya kazi peke yake, na uso hutoka na chengachenga na vivuli vya matope. Ukizidisha kidogo, ndogo nazo huingia, rangi hupandana, ngozi hulainika. Ndiyo maana wengi huweka kipima mwanga kwenye 200 huku kamerani mna filamu ya 400, yaani huipa mwanga mara mbili. Kwenye slaidi, filamu inayotoa picha yenyewe bila negativi, usithubutu: huko mwanga ukizidi, uso umefutika.

Mtego uko kwenye kanzu. Bwana harusi mweusi, kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa: kipima mwanga cha kamera huona weupe mtupu, hudhani mwanga umezidi, hupunguza. Kanzu hutoka kijivu na uso hupotea. Sogea mpaka shavu lijae kwenye lenzi, pima hapo, kisha rudi nyuma upige kwa kipimo hicho hicho. Kanzu itapata mwanga kuliko inavyohitaji, lakini Portra huubeba, na darizi za shingoni bado zitasomeka.