Avon upi huo? Kutambua mito ya Uingereza inayoitwa jina moja

Ukikutana na Avon katika shairi la Kiingereza, usikimbilie kuandika pembeni "mto wa Shakespeare". Uingereza ina mito kadhaa ya jina hilo. Katika lugha ya Kiselti iliyotangulia Kiingereza kisiwani, abona lilikuwa neno la mto wowote. Wageni waliokuja baadaye wakalishika kama jina.

Anza na mji uliotajwa karibu, kisha ufuate maji hadi yanapoishia. Avon wa Shakespeare huanzia Naseby, hupita Warwick na Stratford, ukaingia mto Severn huko Tewkesbury. Ndio mshairi Ben Jonson alioutaja mwaka 1623 alipomwita Shakespeare batamaji wa Avon. Avon wa pili hupita Bradford on Avon, Bath na Bristol. Kandokando yake ndiko Catherine na akina Tilney wanakotembea kuelekea Beechen Cliff katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen. Wa tatu hushuka kusini kupitia Salisbury mpaka Christchurch.

Wengi hupotelea kwenye ile miwili ya kwanza, kwa sababu yote humwaga maji upande wa Severn: wa Stratford ndani ya mto wenyewe, wa Bristol kwenye hori la Severn, huko Avonmouth. Basi kusema "Avon unaoingia Severn" hakutoshi. Tena kati ya 1974 na 1996 palikuwa na jimbo lililoitwa Avon, nalo lilipewa jina la mto wa Bristol. Stratford haikuwamo.

Stour, jina jingine la mito kadhaa, ndilo mtihani hasa. Stour mmoja huingia Avon karibu na Stratford. Mwingine, wa Dorset, hukutana na Avon wa Salisbury pale Christchurch. Kwa hiyo maneno "Stour unapokutana na Avon" ni kweli mahali pawili palipo mbalimbali! Bado kuna Stour wa Kent unaopita Canterbury, na wa mpakani mwa Suffolk na Essex, aliouchora John Constable.

Shairi lisipotaja mji, tazama mwandishi alikuwa akikaa wapi. Thomas Hardy ana shairi zuri sana la Stour: mbayuwayu wanaruka juu ya maji wakichora umbo la nane, jioni ya Juni yenye mvua. Mji hautajwi. Lakini Hardy aliishi Sturminster Newton, juu ya mto huo, kati ya 1876 na 1878, hivyo ni Stour wa Dorset. Mshairi William Cowper vivyo hivyo: mto Ouse unaojipinda polepole katika shairi lake The Task (1785) ni Ouse Mkuu, kwa kuwa alikaa Olney. Ouse alimofia mwandishi Virginia Woolf mwaka 1941 ni wa Sussex, na ule wa York ni mwingine kabisa.

Kanuni hiyo ya makazi haifai kwa Poly-Olbion, shairi refu la Michael Drayton lililogawanywa katika nyimbo, ambalo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1612. Yeye huizunguka nchi nzima eneo kwa eneo, kwa hiyo angalia kwanza uko katika wimbo upi na unahusu majimbo gani, ndipo uutafute mto kwenye ramani.

Ukitafsiri au kuandika maelezo, mara ya kwanza ongeza jimbo: Avon wa Warwickshire, Stour wa Dorset, Ouse wa Sussex. Ndani ya shairi lenyewe acha jina kama lilivyo. Jimbo liweke kwenye tanbihi.