Mkono wa mviringo wa mkoba: ni nini, na kwa nini hushonwa ukiwa umepinda

Mkono wa mviringo ni mkono wa mkoba unaopatikana kwa kuviringisha ukanda wa ngozi juu ya kiini kirefu, kisha kingo mbili za ukanda zikakutanishwa na kushonwa pamoja. Ukiukata katikati kwa kisu utaona vitu vitatu: kiini, ambacho huwa ni kamba au ngozi iliyokunjwa, ngozi iliyokizunguka, na upande mmoja, pale kingo zinapokutana, kitu chembamba kilichosimama kama pezi la samaki. Nami nitaliita pezi. Hapa Ngamiani, Tanga, ninapofanyia kazi, wateja huuita mkono wa duara, na wengine mkono wa kamba kwa kuwa wakiubonyeza wanaihisi kamba ndani.

Majina hayo yanatosha kuelewana, ila yanaficha jambo. Mkono huu una maumbo mawili kwa wakati mmoja. Ukiutazama kwenye ncha ni duara. Ukiutazama kwa urefu ni upinde. Wengi wanaojifunza huhangaika na duara, wanapima kamba, wanapima ngozi, na upinde wanauacha ujitengeneze wenyewe siku mkoba utakapobebwa. Hapo ndipo mikono mingi inapoharibikia.

Kwanza, faida yake. Chukua kikapu cha ukili chenye mikono ya mkanda bapa, nenda nacho soko la Mgandini, utie nazi sita, mchele kilo mbili na samaki. Kabla hujafika nyumbani mkanda utakuwa umejikunja, na kingo zake zinakukata kwenye viungo vya vidole. Uzito haukuongezeka njiani. Umekusanyika tu kwenye mistari miwili myembamba. Mkono wa mviringo wenye unene wa milimita 13 hadi 18 unaujaza mkunjo wa vidole, na uzito uleule unatandazwa kwenye nyama ya kiganja. Mama anayebeba kikapu kila siku haelezwi tofauti hiyo mara mbili.

Sasa vipimo. Tuseme kiini chako ni kamba ya milimita 10 na ngozi yako ina unene wa milimita 1.5. Ngozi haiizunguki kamba kama karatasi inavyoizunguka penseli, kwa kuwa yenyewe ina mwili. Kwa hiyo jumlisha unene wa kamba na unene wa ngozi, upate 11.5, kisha zidisha kwa 3.14. Jibu ni milimita 36 na kidogo. Hizo ni za kuzunguka tu. Ongeza milimita 6 kila upande kwa ajili ya pezi, upate ukanda wa milimita 48. Pezi litapunguzwa baada ya kushona, lakini usilikate dogo tangu mwanzo, maana utakosa pa kushika unapobana. Mkono ukikamilika utakuwa na unene wa milimita 13: kumi za kamba na moja na nusu ya ngozi kila upande.

Kumbuka hiyo 13, kwani ndiyo inayotupeleka kwenye upinde. Mkono uliopinda nusu duara una mgongo juu na tumbo chini, na mgongo ni mrefu kuliko tumbo. Kwa kiasi gani? Zidisha unene wa mkono kwa 3.14: milimita 13 zinakupa takribani milimita 41. Yaani sentimita nne! Tena tofauti hiyo haibadiliki, uwe unapinda mkono mfupi wa pochi au mrefu wa kikapu. Maadamu ni nusu duara na unene ni uleule, mgongo utadai sentimita nne zaidi ya tumbo. Mara ya kwanza nilipolipigia hesabu jambo hili niliacha kazi nikakaa kulitafakari, kwa sababu lilinieleza kosa lililokuwa limenisumbua miezi mingi.

Mikono ya kwanza niliyouza niliishona ikiwa imenyooka mezani. Ilipendeza kama rula. Nikaipinda baadaye, nikaifunga kwenye kikapu, nikamkabidhi mteja, mama mmoja wa Chumbageni. Baada ya wiki mbili akarudi. Hakuja kwa ugomvi. Alikigeuza kikapu, akanionesha upande wa chini wa mkono. "Mwanangu, huku kumekunjamana kama shingo ya kobe." Ilikuwa kweli. Tumboni kulikuwa na makunyanzi saba au manane, mshono umesukumwa juu ukawa mawimbi, na kunyanzi moja lilikwisha kupasuka ngozi ya juu mpaka nyama ya ndani ikaonekana, nyeupe. Zile sentimita nne zilikosa pa kwenda, zikajirundika pale.

Nilimpelekea mkono ule babu mmoja fundi viatu wa barabara ya jirani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu lete." Akaupinda, akaunyoosha. "Uliushona umenyooka huu?"

"Ndiyo babu. Nikaupinda mwishoni."

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema, kisha akaomba sufuria.

Methali hiyo kila mtu anaijua kwa malezi ya watoto. Yeye aliitumia kwa maana yake ya mwanzo kabisa, kwa kuwa ngozi mbichi, yaani iliyoloweshwa, inakunjika kama samaki mbichi, na ikikauka inabaki ilivyokunjwa. Alichonionesha ndicho ninachokifanya mpaka leo. Ngozi inaloweshwa kwa kitambaa mpaka iwe nyevu bila kutiririka maji, inavishwa kamba, inabanwa kwa vibanio vya nguo, kisha kitu chote kinazungushwa kwenye ubavu wa sufuria, pezi likielekea sufuria na mgongo ukiwa nje. Mgongo unavutika kidogo, tumbo linajibana kidogo, na zile sentimita nne zinagawanywa pande mbili kabla mshono haujazifunga. Iache ikauke hapo usiku mzima, kivulini. Kesho yake ukiivua, inasimama yenyewe kama mundu.

Ndipo unapaka gundi, siyo kabla. Gundi ya viatu haishiki ngozi yenye maji. Itakudanganya kwa siku moja kisha iachie.

Ngozi yenyewe lazima iwe ya kukubali maji. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hunywa maji, hulainika, na ikikauka hushika umbo. Magome ya mikoko yametumika kwa kazi hiyo kwa muda mrefu, na mwati, mti unaoota vizuri kwenye milima yetu, una magome yanayofaa sana. Ile iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu ni laini na inafaa kwa mwili wa mkoba, lakini ukiipinda mbichi hurudi kama mpira. Dukani, kama ngozi haijapakwa rangi nzito, dondosha tone la maji upande wa juu. Likizama haraka na kuacha doa jeusi, hiyo chukua. Kata ukanda wako kwenye sehemu ya ngozi iliyokuwa mgongo wa mnyama, sambamba na uti, maana huko haivutiki ovyo. Ngozi ya tumbo la mnyama hurefuka ikibebeshwa mzigo, na mkono mmoja ukirefuka kuliko mwenzake kikapu kinatembea upande.

Kuhusu kiini, sisi wa Tanga tuna bahati tunayoipita barabarani bila kuitazama. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyotumwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote. Kamba ya katani, yaani ya nyuzi za mkonge, ni ngumu, haibonyei, na haivutiki. Kwa kiini naiona bora kuliko ya pamba, ambayo baada ya miezi kadhaa ya kubanwa hulala na mkono ukawa bapa. Nimewahi kufungua mikoba ya dukani nikakuta bomba la plastiki ndani. Hilo likishakunjika mahali pamoja halirudi tena.

Ila katani ina matatizo yake mawili. Imesokotwa kwa nyuzi tatu nene, na ukiivisha ngozi nyembamba ule msokoto unajitokeza juu kama mbavu. Wapo wanaopenda. Mimi huizungushia kwanza utepe wa kitambaa cha pamba uliopakwa gundi kidogo. La pili ni vile vinywele vyake vinavyochoma; vipitishe haraka juu ya moto wa mshumaa kabla ya kuvisha, na ndoo ya maji iwe karibu.

Hapa kuna jambo linaloeleweka vibaya mara nyingi. Watu hudhani kamba ndiyo inayobeba mzigo. Siyo. Kiini huishia kabla ya ncha za mkono. Kinachoendelea mpaka kwenye mkoba ni ngozi, iliyolala bapa kama ulimi. Mzigo wote unapita kwenye ngozi na kwenye mishono ya ulimi. Kazi ya kamba ni kulinda umbo tu. Kwa mkono wa sentimita 50, kamba yangu huwa ya sentimita 30, na kila upande ninabakiwa na sentimita 10 za ulimi.

Mahali kamba inapoishia ndipo ninapomtambua fundi. Ukiikata kwa mkato mmoja, mkono unakuwa na kidole kinachosukuma ngozi kutoka ndani, na ngozi itapasuka palepale, kila mara. Mimi huifungua kamba kwenye sentimita nne za mwisho, nyuzi zake tatu zikatengana. Wa kwanza naukata karibu, wa pili katikati, wa tatu nauacha wote. Halafu nauchana ule uliobaki kwa ukucha mpaka uwe kama mkia wa panya, naupaka gundi, nausokota kwa vidole viwili. Ngozi ikivishwa hapo huteremka taratibu kutoka duara hadi bapa, na ukipitisha kidole gumba husikii ngazi.

Kushona ni kwa sindano mbili na uzi mmoja wenye nta. Toboa matundu kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea yenye mpini, milimita 4 kati ya tundu na tundu. Kwa mshono wa sentimita 30 ni kama matundu 75. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Kila tundu linapitwa na sindano zote mbili, moja kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia, kisha unavuta kwa nguvu sawa. Mshono wa namna hii ukikatika uzi mahali pamoja, uliobaki unaendelea kushika. Wa cherehani ukikatika huanza kufumuka. Shona karibu sana na kamba, hata sindano iwe inaigusa. Ukiacha nafasi, kiini kitazunguka ndani ya ngozi, na mkono unaozunguka kwenye kiganja unachosha kuliko hata ule bapa.

Baada ya hapo punguza pezi libaki milimita 3 kutoka kwenye mshono. Kwa kuwa liko upande wa tumbo, pezi refu litajikunja tu. Lisugue kwa msasa, lilowanishe kidogo, kisha lipake nta na kulisugua kwa kitambaa cha kaniki mpaka ling'ae na kingo mbili zionekane ngozi moja.

Ulimi kwenye mkoba wa ngozi hushonwa kwa mshono wa mraba. Kwenye kikapu cha ukili hiyo haitoshi, kwa sababu uzi wenye nguvu unaukata ukili kama mua. Weka kiraka cha ngozi kwa ndani, kikubwa kuliko ulimi, kifike angalau kwenye shupatu tatu, yaani mikanda mitatu ya ukili uliosukwa, kisha shona vyote pamoja, ulimi nje, ukili katikati, kiraka ndani. Kama unatia riveti au pete, iwe ya shaba. Chuma kwa upepo wetu wa bahari hakimalizi mwaka, na kutu yake inakula ngozi inayokizunguka.

Ukitaka kununua na si kutengeneza, kuna njia ya kuujua mkono kabla hujalipa. Ushike ukiwa umelegea. Kama wenyewe unataka kunyooka, ulishonwa umenyooka, na yale makunyanzi yanakuja. Geuza uangalie tumbo. Halafu tafuta pale duara linapogeuka kuwa bapa, upitishe kidole gumba taratibu kuelekea kwenye mkoba. Ukisikia ngazi, rudisha.